Maneno Arobaini na Moja ya Kutisha

Vijana, siku hizi mnaandika kwa kidole gumba. Nawaona hapa Busia mkingoja magari, gumba linacheza juu ya kioo cha simu kama kuku anayedonoa mtama. Enzi zetu gumba lilikuwa la mwisho kuingia kazini. Lilichovywa kwenye wino wa zambarau, likabonyezwa chini ya barua, na mwenye gumba akaenda zake akiamini kwamba hapo juu yameandikwa maneno yake. Mara nyingi hayakuwa yake. Yalikuwa yangu.

Nilikuwa mwandika barua wa kulipwa, kwanza Malaba kisha Busia, katika ile miaka ya sitini ambapo ungeweza kuamka Kenya, ukanywa chai Uganda, na asiulize mtu. Nilikuwa na meza moja, taipureta moja iliyokosa herufi q (kwa miaka yote hiyo hakuna aliyekuja kulalamika), na daftari moja lenye bidhaa yangu hasa. Bidhaa yangu ilikuwa maneno ya Kiingereza ya kutisha. Sisemi matusi, matusi kila mtu anayo nyumbani bure. Nasema vile vivumishi ambavyo ukimpachika mtu au jambo, msomaji anavuta kiti karibu na ukuta: dreadful, ominous, menacing, grim, formidable. Nilikuwa nayo arobaini na moja. Hesabu ya kwanza ilinipa arobaini na mawili. Hesabu ya pili ilionyesha kwamba terrible nimeiandika mara mbili. Tangu siku hiyo sihesabu kitu mara moja, hata vidole vya mtu nikimsalimia.

Mtaniuliza, Kiingereza cha nini, na anayeandika hakijui na anayeandikiwa hakijui? Hapo ndipo biashara ilipokaa. Barua ya Kiswahili inasomwa. Barua ya Kiingereza inabebwa. Mtu akiipokea anaigeuza, anaona mistari imenyooka kama askari, anaanza safari ya kutafuta wa kumsomea. Mwalimu amekwenda mazishini. Katekista ana Kiingereza cha sala tu. Njiani kila anayekutana naye anauliza, "Hiyo ni ya nini?" Kabla hajafika kwa msomaji, barua imekwisha kufanya nusu ya kazi yake, na mimi niko mezani kwangu nakunywa chai.

Aliyenifundisha ni Mzee Ekisa, Mteso wa Malaba, aliyekuwa karani wa jeshi huko Burma na kurudi na sikio moja zima. Meza yake ilikuwa karibu na reli, na treni ilipopita alishika wino kwa mikono miwili bila kukatiza sentensi. Aliyapanga maneno kwa rafu tatu. Rafu ya kwanza ni ya kubisha hodi: serious, grave. Ya pili ni ya kuingia bila kubisha. Ya tatu, alisema, ni ya kuingia na kuzima moto jikoni. "Ya rafu ya tatu weka moja kwa barua," aliniambia. "Moja. Ukiweka mawili, huandiki barua tena, unatega mtego, na hujui atapita nani."

Alinifundisha pia mambo ya mkono. Neno kali liweke mwisho wa mstari, peke yake, lipate hewa. Tumia nusu nyekundu ya utepe wa mashine kwa kichwa cha barua na si kwingine. Weka karatasi ya kaboni kila mara, ubaki na nakala; yeye aliiita kivuli cha barua. Na kabla ya kugusa mashine, mfanye mteja aseme jambo lake lote kwa lugha ya mama yake, hata kama huielewi. Mteja alipokuwa akisema, Mzee Ekisa alifumba macho. Nilidhani anasinzia. Nilichukua rafu zake, nikachukua utepe na kivuli, na hayo ya kufumba macho nikayaacha kwake Malaba. Niliona yanachelewesha foleni.

Kusema kweli, nilicheka sana katika kazi ile. Kuna mtu wa Butula ambaye mbuzi wake walikula muhogo wa jirani. Jirani akaja kwangu, nikamwandikia mwenye mbuzi kuhusu "menacing goats" wake. Baada ya siku nne nikamwona mwenye mbuzi amesimama mbele ya meza, kofia mkononi, kamba begani, mbuzi sita nyuma yake.

"Karani, nimesomewa barua yako. Nimekubali. Sasa nionyeshe ni yupi kati yao."

"Yupi nani?"

"Huyo menacing. Nimuuze leo, hawa wengine wasiambukizwe."

Nikawaangalia wote sita, nikamchagua dume mweusi mwenye jicho la dharau. Na kuna mzee wa mtaa aliyesikia formidable mezani kwangu akalipenda kwa mlio wake. Akataka aandikwe hivyo katika ombi la kazi. Nikamwandikia. Akarudi kuuliza kama lipo kubwa kuliko hilo. Nikamwambia lipo dreadful, lakini sikumshauri. Akasema, "Wewe unaninyima." Nikamwandikia. Kazi alipewa mwingine.

Kitu ambacho Mzee Ekisa hakuniambia ni upweke wa meza ile. Mngedhani mtu anayezungumza na watu thelathini kwa siku hana upweke. Mtu akishamwaga siri yake mbele ya mashine, mkikutana sokoni anaangalia nyanya. Nilijua nani kafukuzwa kazi Tororo na nani kaachwa na mkewe, na kwa hiyo sikualikwa kwa mtu. Nilikaa chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, unga ukitua juu ya kila kitu, hata blanketi langu lilikuwa na mvi. Kwetu ni Budalang'i. Nzoia ilipofurika ilichukua nyumba ya wazazi, ambao kwa bahati walikuwa wamekwisha kufa. Dada yangu alikuwa ameolewa ng'ambo, mahali ambapo sikujua jina lake. Niliandika barua za watu mia kwa mia, na sikuwa na anwani hata moja ya kuniandikia yangu.

Basi siku moja ya soko akaja mama mmoja kutoka upande wa Matayos, kwa miguu, kikapu cha viazi vitamu kichwani. Kabla ya kuketi aligusa ukingo wa meza kwanza, kama mtu anayepima maji.

"Mulembe, karani."

"Mulembe, mama. Barua ya nani?"

"Ya Wandera, mwanangu. Yuko Uganda kwenye miwa, kule kwa Jinja. Mwaka wa pili huu hajaja."

"Tumwambie nini?"

"Mwambie niko."

Nikangoja, vidole juu ya mashine. Hakuongeza.

"Uko nini, mama? Uko mgonjwa? Uko na kesi?"

"Niko tu. Yeye atajua."

Nikamwambia kwa adabu kwamba neno moja si barua, karatasi yenyewe ina aibu. Ndipo akaniambia lililo kweli. Mumewe alikufa zamani, na Wandera ndiye mtoto pekee aliyebaki. Macho yake yanaingia ukungu. Dada wa zahanati ya misheni ameyaangalia na kusema hayatarudi. La kulia limefika nusu, la kushoto linafuata.

"Nataka nimwone uso kabla mlango haujafungwa," akasema. "Lakini hilo usimwandikie. Atakuja kwa huruma, na mtoto aliyekuja kwa huruma hakai."

"Mama, basi tumwandikie Kiingereza."

"Kiingereza kitamleta?"

"Kitamsukuma."

"Mimi sitaki asukumwe. Nataka aitwe."

"Mama yangu, kijana akiitwa anasema kesho. Akisukumwa anafika leo. Barua ya 'niko' haijawahi kupanda basi."

Mwishowe akasema, "Wewe ndiye karani." Vijana, nisikilizeni hapa. Mtu akikwambia wewe ndiye fundi, wewe ndiye daktari, wewe ndiye karani, hajakubali. Amechoka. Mimi nilichukua kwamba amekubali, kwa sababu nilitaka kuandika.

Niliandika mistari kumi na miwili, kichwa chekundu, na maneno saba kutoka kwenye daftari, manne kati yao ya rafu ya tatu. Niliyapanga mwisho wa mistari yapate hewa. Nilimwekea saba kwa bei ya matano, kama muuza nyanya anayekuongezea mbili juu, na nilijiona mtu mkarimu. Akaweka gumba. Barua nikamkabidhi Njoroge, dereva wa lori aliyetoka Limuru na kupita kwangu kila wiki akienda Kampala.

Kuanzia hapo mama Wandera alikuja kila siku ya soko kuuliza jibu. Alileta viazi viwili vilivyochemshwa, kimoja chake, kingine changu. Tulikula tukitazama barabara, yaani mimi nikitazama na yeye akisikiliza. Alinieleza jinsi Wandera alivyokuwa mdogo akiogopa bata mzinga lakini haogopi nyoka. Alinisema kwa sababu ya kola yangu chafu. Wiki ya tatu nilinunua kigoda cha pili. Wateja walikuwa na benchi. Kigoda kile kilikuwa chake.

Wiki ya nne Njoroge akasimamisha lori mbele ya meza, akashuka bila kuzima injini.

"Karani, ile barua uliiandika na nini? Na bunduki?"

"Kwani vipi?"

"Vipi nini! Niliiacha langoni, na wanasema kijana alipoona hiyo rangi nyekundu akaipeleka kwa karani wa kambi. Huyo naye akataka kuonekana msomi. Akasoma mistari miwili kimoyomoyo, akavua miwani, akasema, 'Kijana, hii ni kubwa.' Wandera hakungoja wa tatu. Alichukua blanketi, akaacha hata mshahara wake wa wiki mbili."

"Ameenda wapi?"

"Mtu anayekimbia serikali anaacha anwani?"

"Serikali ipi? Ni mama yake!"

"Hiyo ungeiandika hapo juu, kwa rangi nyekundu." Njoroge akapanda lori. "Nimwambie mama, au utamwambia?"

"Nitamwambia mwenyewe."

Sikumwambia. Siku ya soko ilipofika alikaa kwenye kigoda chake, akanipa kiazi changu, akauliza, "Wanasemaje?" Nikasema posta ya Uganda ni pole. Wiki iliyofuata nikasema daraja limeharibika. Wiki nyingine nikasema miwa imeiva, hawaruhusiwi kutoka. Niliendelea hivyo tangu palizi ya mtama hadi watu wakaanza kuuanika juani. Nilijiambia kwamba namkinga na uchungu. Hesabu ya pili ilinipa jibu lingine. Siku nitakayomwambia ndiyo siku atakayoacha kuja, na siku ya soko ilikuwa siku yangu moja ya kuulizwa kama nimekula.

Kisha akaja siku moja, akasema "Mulembe, karani," akiisalimia nguzo ya duka lililokuwa jirani. Nikakohoa, akanigeukia. Akatoa kiazi changu kikapuni, akakiweka mezani kwa utaratibu wake wa kila wiki, isipokuwa alikiweka mahali ambapo meza ilikuwa imekwisha. Kikaanguka mavumbini. Hakuona. Aliendelea kumenya chake.

"Mama, la kulia limefunga?"

"Wiki ya pili sasa. La kushoto linaona kama kuna moshi ndani ya nyumba." Akala kidogo. "Karani, ulisema unaweka kivuli cha kila barua."

"Naweka."

"Nisomee cha yangu. Kwa Kiswahili. Nimefikiri usiku na mchana ni nini nilimwambia mtoto hata asijibu. Labda nilisema vibaya."

Ningeweza kumsomea chochote. Mama huyu asingejua hata kama ningesoma risiti ya mafuta ya taa. Nilifungua sanduku, nikatoa kivuli, na nilipoangalia vile vidole vyake vinavyotafuta ganda la kiazi ambalo havikuliona, nikasoma kilichoandikwa.

"'Unaonywa kwamba hali ni grave.' Hiyo ni hali nzito, mama, hali ya kaburi karibu."

"Nilisema hivyo?"

"Hapana, mama."

"Endelea."

"'Ukikawia, matokeo yatakuwa dire.' Ni matokeo mabaya yasiyo na dawa."

"Hilo nalo nilisema?"

"Hapana."

Alianza kukunja vidole. Nikasoma dreadful, nikalieleza kuwa ni la kutia hofu kubwa. Nikasoma grim. Nikasoma ominous, nikamweleza ni kama bundi juu ya paa. Nikasoma formidable, nikamwambia ni kama mtu usiyeweza kumshinda, akauliza ni nani huyo. Nikasema ni yeye. Akacheka kidogo sana. Nikasoma terrible, tukamaliza. Mkono mmoja ulikuwa umekunjwa wote na wa pili una vidole viwili chini.

"Saba," akasema.

"Saba, mama."

"Na 'niko' imekaa wapi?"

"Haimo."

"Na hapa chini nini?" Alikuwa amepapasa hadi mwisho wa karatasi.

"Ni gumba lako."

Basi nikamwambia yote: karani wa kambi, miwani, blanketi, na miezi niliyonyamaza. Nilimwambia haraka, kama mtu anayeshuka lori kabla halijasimama. Nilingoja anilaani. Niliijua hesabu: miezi mitano niliyonyamaza ilikuwa jicho moja.

Alikunguta maganda kwenye leso. "Kwa hiyo ni mimi niliyemfukuza," akasema.

"Ni mimi, mama."

"Gumba ni langu." Akasimama. "Funga hiyo mashine. Utakwenda umtafute kwa miguu yako. Usibebe karatasi hata moja. Mwambie hivi: Nyumba inavuja upande wa kitanda chako. Kitanda sijakihamisha."

"Nimesikia, mama."

"Rudia."

Nikarudia. Alinisikiliza akiwa amefumba macho yote mawili. Maneno manane. Nilihesabu mara mbili njiani.

Niliondoka na Njoroge Ijumaa alfajiri. Sikuwa nimewahi kufunga meza siku ya kazi. Kwenye kambi ya miwa yule karani wa miwani aliniambia, kwa Kiingereza, kwamba hajui lolote. Wapishi wakaniambia, kwa Kiswahili, kwamba Wandera yuko Bugiri, anapiga matofali. Bugiri tulikuwa tumeipita asubuhi hiyo hiyo. Njoroge alipuliza mashavu tu, na siku ya pili akanirudisha.

Tanuri lilikuwa bondeni, ukingoni mwa kinamasi cha mafunjo. Wanaume kama kumi, matope hadi magotini. Nikashuka nikiwa nimevaa jinsi nilivyovaa kila siku: shati jeupe, viatu, kalamu mbili mfukoni.

"Ssebo, bwana, unatafuta nani?" mmoja akauliza.

"Wandera wa Busia."

Kijana mmoja mrefu aliweka chini kibao cha matofali, polepole, kama mtu anayeweka mtoto. Kisha akakimbia. Aliingia kwenye mafunjo, yakafunga nyuma yake, tukabaki tunasikia maji tu.

Vijana, nimeuza hofu miaka mingi. Siku ile ndiyo niliyomwona mnunuzi kwa macho yangu. Mwanamume wa miaka ishirini na minne, mabega kama mlango, anapiga maji kama ndama kwa sababu ya mimi, mtu ambaye kuku wa jirani walikuwa wakinifukuza kwenye ngazi yangu mwenyewe.

"Karani, toa kalamu!" Njoroge alipiga kelele kutoka kwenye lori. "Toa kalamu, bwana, unafanana na mahakama!"

Nikatoa kalamu. Nikaona shati nalo lina serikali ndani yake, nikalitoa. Nikavua viatu. Nikasimama na fulana kwenye ukingo wa kinamasi, nikapaaza sauti: nyumba inavuja upande wa kitanda chako, kitanda sijakihamisha. Wapiga matofali wakaacha kazi kabisa. Nikarudia. Ni maneno madogo, na kuyapigia kelele mbele ya watu kumi wasiokujua ni kazi ngumu kuliko kuandika dire.

Mara ya tatu sauti ikatoka ndani ya mafunjo. "Inavuja wapi? Kwa mlango au kwa jiko?"

Hilo sikuambiwa. Nilifungua mdomo kudanganya, maana nilikuwa na nafasi ya kupatia moja katika mbili, na mimi nimewahi kubahatisha kwa nafasi mbaya kuliko hiyo. Nikaufunga.

"Sijui!" nikasema. "Sijawahi kuingia nyumba ile. Mimi ni karani tu. Ndimi niliyeandika ile barua."

Mafunjo yakatikisika. Akatoka, maji yakimtiririka, akasimama hatua mbili kutoka kwangu.

"Wewe?"

"Mimi."

"Na serikali?"

"Haimo. Ilikuwa barua ya mama yako."

"Mama hawezi kuogopesha mtu."

"Najua. Nilimsaidia."

Alijifuta maji usoni. "Miezi yote hii nimejiuliza nimefanya nini," akasema. "Nimetafuta kosa langu, nimelikosa. Nikaogopa zaidi. Nikasema hawa wanalijua na mimi mwenyewe silijui." Halafu akanipiga kofi moja la tope. Nililihesabu mara mbili, kwa sababu liliuma mara mbili. Njoroge alisema kwa kazi niliyofanya hiyo ilikuwa bei ya jioni, wakati wa kufunga soko.

Daftari ninalo hadi leo, na mjukuu wa mwenye nyumba wangu huwa analisoma kwa sauti akicheka. Kazi sikuiacha, niliifanya mpaka meza yenyewe ikaliwa na mchwa. Lakini baada ya Bugiri kila mteja alisema jambo lake kwanza kwa lugha ya kwao, lote, nami nikafumba macho. Foleni ilichelewa. Wengine walienda kwa kijana aliyefungua meza mkabala na mimi, aliyekuwa na maneno sitini. Nilimwachia.

Sasa nirudi kwa Wandera, aliyepanda lori pamoja nasi: kesho yake tulifika Matayos mchana, watu wakitoka kanisani na viti vyao vichwani. Njoroge alitushusha njiani akaendelea. Wandera alitembea mbele, na kila tulipokaribia alipunguza hatua, hata nikamkanyaga kisigino mara mbili. Mama alikuwa uani anapepeta mtama. Alisikia miguu, akaacha ungo hewani.

Wandera alipiga magoti mbele yake. Mama akamshika kidevu, akamgeuza kuelekea jua, kisha akageuza kichwa chake mwenyewe pembeni, kama kuku anavyotazama punje, ili jicho la kushoto lipate. Alimtazama paji la uso. Akamtazama pua. Alichukua muda wake kama mtu anayekagua noti ya shilingi iliyochakaa, na hakuna aliyemharakisha.

"Umekonda," akasema mwishoni. "Na umeota ndevu mbaya."

"Ndiyo, mama."

"Nimekuona. Sasa panda ukaangalie paa."

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya ua, viatu mkononi, tope la kinamasi limekauka shavuni. Sikujua kama nimealikwa au nimemaliza. Ndani, Wandera alikuwa amekwisha kuanza kusogeza vitu, na nikasikia kwa mara ya kwanza sauti ya nyumba yenye watu wawili. Mama akanigeukia, karibu mahali nilipokuwa.

"Karani, umetembea sana. Na kwenu? Nani anakungoja?"

Alikuwa ameuliza kwa wema, kama anavyouliza mtu kama umekula. Nilitafuta jibu katika lugha zote tatu nilizokuwa nazo. Hatimaye nikamwambia kwamba siwezi kukaa, nawahi kufungua meza. Ilikuwa Jumapili, na sote watatu tulijua.